Chungu Nilichokisugua Mbuya

Vijana wa jikoni,

Siku mliyoniaga pale hosteli ya Old Kampala mlinikatia keki, mkaniimbia, kisha Nakato akapanda juu ya kreti ya soda akaniomba mbele ya watu wote niwaandikie namna ya kupika ule wali wa chungu kimoja, jambalaya, ambao wageni huuagiza hata wasipoweza kuutamka. Nilikubali kwa kuwa mdomo ulikuwa umejaa keki. Sasa nimekaa nyumbani miezi mitatu, nimevaa kandambili asubuhi hadi jioni, mke wangu Rosa anapiga deki akinizunguka kama kiti. Habari za kupandishwa cheo sitaandika. Ni chache na hazimsisimui mtu. Mshahara mnaujua, maana sasa mnalipwa huohuo. Nitaandika wali. Ila wali huo una mtu ndani yake, na nikimwacha nje nitakuwa nimemtenda vibaya mara ya pili. Mara ya kwanza ndiyo nitakayoieleza, kwa aibu, na ninaomba msinikatize kwa kunihurumia.

Nilivuka mpaka wa Malaba kutoka Kenya kuja Kampala mwaka mmoja hivi baada ya vita vya themanini na sita. Matundu ya risasi kwenye kuta za mjini yalikuwa yanazibwa kwa saruji ya rangi nyingine, kwa hiyo maduka yote yalionekana kama yameugua tetekuwanga. Binamu yangu Simiyu alikuwa akifanya kazi Port Bell, kwenye meli zinazobeba mabehewa ya treni. Alisikia kwa dereva mmoja kwamba kuna nyumba ya wageni kutoka Marekani kule Mbuya inatafuta mpishi. Simiyu akawaambia nimepika hoteli ya Kisumu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekula hoteli ya Kisumu, mara moja, chai na mandazi mawili. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne kilichokuwa na somo moja tu la kujivunia, jiografia.

Mwenye nyumba aliitwa Madamu Odette. Mumewe alichimba visima vya maji huko wilayani na nyumbani alionekana kama mwezi mchanga. Madamu alikuwa mweusi kama sisi, hata sokoni wanawake walimsalimu kwa Kiganda, na alipojibu kwa Kiingereza wakadhani anaringa. Siku ya kwanza aliniuliza jambo moja.

"Ninatoka Luiziana. Unajua ni wapi?"

"Pale mto Mississippi unapoingia baharini, Madamu," nikajibu kwa sauti ya darasani.

Akashika kifua. Nikaajiriwa kwa jiografia. Mchana akaniambia nipike wali, na jiografia ikaishia hapo. Niliuleta mezani umeshikana hivi kwamba hata ukigeuza sahani hauanguki. Akaigeuza kweli ili ahakikishe. Kisha akacheka, akavua pete zake, akasema, "Twende jikoni, Wafula. Tuanze tangu uumbaji."

Uumbaji ulianza na chungu. Kilikuwa chungu cha chuma, kizito kama dhambi, cheusi ndani na nje, chenye mfuniko ambao ukikuangukia mguuni unakwenda hospitali. Kilikuwa cha bibi yake mzaa mama. Kwenye ndege alikipakata, kimefungwa taulo kama mtoto mchanga. Nguo ndizo zilizosafiri na mizigo. Akanieleza kwamba weusi ule si masizi. Ni mafuta yaliyoungua na kuganda, tabaka juu ya tabaka, tangu bibi yake akiwa msichana, na ndiyo yanayofanya nyama iive bila kung'ang'ania na chuma kisipate kutu. Chungu cha namna hiyo hakiguswi kwa sabuni wala waya wa kusugulia. Unakipangusa kwa maji ya moto, unakikausha juu ya makaa, unakipaka mafuta kidogo, unakiweka. Alituambia hayo watu wawili tukiwa tumesimama bega kwa bega, mimi na Mama Akello. Nilisikia. Naandika hivi msije mkasema mzee hakuambiwa.

Mama Akello ndiye aliyefua nguo na kuosha vyombo. Alikuwa Mwacholi wa kaskazini, mke wa koplo wa polisi, wakikaa kwenye kambi ya Naguru. Baada ya vita mumewe aliambiwa akae nyumbani angoje kuchunguzwa kama anafaa kubaki kazini, na kungoja huko hakukuwa na mwisho. Kwa hiyo watoto watano walikula kwa mikono ya mama yao. Alikuwa mrefu, mwepesi wa miguu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi, hakina kona. Nilikuwa nikimcheka, mimi ambaye Kiswahili changu hakikutoka Lamu, kilitoka Bungoma kwa miguu.

Madamu alinifundisha kila kitu cha ule wali isipokuwa kimoja. Kwao huweka soseji iliyokaushwa kwa moshi, na Kampala ya siku zile hata soseji ya kawaida ilikuwa na ladha ya bahasha. Kila Jumamosi tulipika, kila Jumamosi alionja, akatazama dirishani. Jumatatu moja Mama Akello akaweka furushi la gazeti juu ya meza yangu.

"Mpishi, Madamu nalia soseji kila wiki. Hii hapana soseji, lakini iko na moshi."

Nikafungua. Vipande vya nyama ya ng'ombe, vyeusi, vigumu kama soli.

"Mama Akello, hii ni nyama au ni kiatu?"

"Kama ni kiatu, vaa. Kama ni nyama, weka kwa maji ya moto, ngoja, halafu funga mdomo."

Nilifunga mdomo. Kwao nyama hiyo huliwa na odii, ile siagi ya simsim na karanga. Yeye aliinunua soko la Owino kwa mama mmoja wa nyumbani kwao. Jumamosi Madamu alipoonja kijiko cha kwanza alifumba macho na kutaja jina la mjomba wake aliyekufa. Tangu hapo wali ukawa wali. Ninyi hosteli mnasifu mkono wangu, lakini kinachofanya mgeni arudishe sahani tupu ni ile nyama, nami sikuwahi kumwambia mtu nani aliyeileta.

Haya, upishi wenyewe, kabla sijapoteza ujasiri. Loweka nyama ya moshi kwenye maji ya moto muda wa kuchambua mchele na kuchinja kuku, kisha ikate vipande vya kidole. Yale maji usimwage. Washa sigiri, makaa yakolee, weka mafuta, weka kuku. Sasa tulia. Mpishi mgeni hugeuza-geuza kwa hofu. Acha kuku ashike chini mpaka udhani umeunguza, ndipo umgeuze. Rangi ya wali huu inatoka kwenye kile kinachoganda chini ya chungu. Anayeweka nyanya ili upate rangi anadanganya, na nitawaambia hapa chini mimi ni mtaalamu wa mambo hayo. Toa kuku, tia kitunguu, pilipili hoho na selari, ambavyo Madamu aliviita Utatu Mtakatifu, hata mimi Mkatoliki nikatazama dari. Vikianza kutoa maji, kwangua chini kwa mwiko wa mbao. Acha pagande tena, tia maji kidogo, kwangua tena. Mara tatu. Saumu, pilipili kali, nyama ya moshi, kuku arudi. Mchele uingie mkavu, uzunguke kwenye mafuta mpaka ung'ae, ndipo umimine yale maji ya kulowekea na mchuzi wa mifupa, yapite juu ya mchele kwa pingili moja ya kidole. Kikichemka funika, punguza makaa chini, palia mengine juu ya mfuniko. Usifunue. Ukifunua kuangalia, umeshaharibu ulichotaka kuangalia.

Sasa chungu.

Madamu na mumewe walisafiri siku kumi kwenda Fort Portal. Juma hilohilo Rosa alikuja Kampala kwa mara ya kwanza, na akaja na dada yake mkubwa, Nasimiyu, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kusahihisha kila kitu. Walifikia kwa Simiyu kule Luzira, na siku ya pili nikawaleta Mbuya waone ninakofanyia kazi. Nilivaa aproni nyeupe. Lazima mwelewe jambo moja la kwetu, ambalo na hapa Uganda mnalijua: sufuria za nyumba yenye heshima hupangwa zimegeuzwa juu chini, zimesuguliwa kwa majivu na mchanga hadi mgeni anaweza kujiona meno. Mama zetu walitupimia wake kwa sufuria. Shemeji Nasimiyu akazunguka jikoni, akagusa friji, akagusa jiko la gesi lisilokuwa na gesi, kisha akasimama mbele ya chungu.

"Shemeji. Hiki ndicho unachowapikia Wamarekani?"

"Ndicho."

"Na hawajafa?"

Rosa akacheka mpaka akashika fremu ya mlango.

"Mwache," Nasimiyu akaendelea. "Sufuria ikiwa nyeusi nje, mwenye nyumba amechoka. Ikiwa nyeusi mpaka ndani, huyo keshakata tamaa ya dunia."

"Baba Nekesa," Rosa akasema, "mama yangu akikiona hicho, atasema nimeolewa na mchoma mkaa."

Nilijaribu kuwaeleza habari za tabaka za mafuta na bibi yake Madamu. Nadhani hapo ndipo waliponicheka zaidi. Wakasema watarudi keshokutwa kula, na Nasimiyu akanyosha kidole kwa chungu kama anayempa mwanafunzi nafasi ya mwisho.

Mwanamume mzima, cheti cha kidato cha nne, jiografia. Kesho yake mchana nilikaa chini ya bomba la uani na waya wa kusugulia, majivu na mchanga wa mto, nikasugua kile chungu tangu saa saba hadi saa kumi na moja. Weusi wa kwanza ulitoka kirahisi. Wa chini ulikataa, nikapiga goti. Kikatoka cheupe kama risasi mpya. Nilifurahi sana, sitaficha. Nikakigeuza kwenye chano uani, kikiwa bado na maji, kama alivyofanya mama yangu.

Asubuhi Mama Akello alipokuja kufua, alinikuta nimesimama juu yake. Kilikuwa kimekuwa chekundu. Kutu mtupu, ndani na nje.

"Mpishi! Nafanya nini chungu ya Madamu?"

"Nilikisafisha. Wageni wangu…"

"Madamu nasema hapana sabuni. Nasema kwa sisi mbili. Mimi nasikia, wewe nasikia."

"Mama Akello, uchafu ni uchafu."

"Basi kula usafi yako," akasema, lakini akaacha nguo zake ndani ya beseni, akakunja mikono. Tulihangaika siku nzima; Rosa na dada yake walipokuja kula niliwapa chai tu, wakacheka upya. Alikwangua kutu kwa chumvi, akaomba mafuta ya ng'ombe kwa jirani, tukakipaka, tukakiweka juu ya makaa, kikatoa moshi mpaka askari wa lango akaja kuuliza kama nyumba inaungua. Kikawa na mabaka kama ng'ombe. Zile nguo alizifua jioni, kwa haraka, bila kunilaumu tena. Alipokuwa anaondoka alisema, "Madamu akirudi, wewe mwenyewe mwambie. Mapema, kabla hajaingia jikoni. Yeye iko na moyo."

Nikasema nitafanya hivyo. Nilifanya hata mazoezi, mbele ya friji.

Madamu alirudi siku mbili mapema na kupitia mlango wa jikoni. Alikiona kabla hajaniona. Hakupiga kelele. Alikaa sakafuni, na nguo zake za safari, akakipakata, akapitisha kidole ndani.

"Bibi yangu alikuwa humu," akasema. Kisha akainua uso. "Nani?"

Nilifungua mdomo ili ule ukweli nilioufanyia mazoezi utoke. Ikatoka hii: "Madamu, kuosha vyombo ni kazi ya Mama Akello."

Itazameni sentensi hiyo. Haina uongo hata chembe. Mahakamani ingepita. Nimeishi nayo miaka yote hii na bado sijapata neno moja ndani yake la kusahihisha, na hiyo ndiyo sumu yake.

Nilikuwa na sababu, nitazitaja ili mwone zilivyo fupi. Siku zile serikali mbili zilikuwa zinanuniana mpakani, na Mkenya asiye na karatasi za kazi alitembea kando ya ukuta. Mimi sikuwa nazo. Ningefukuzwa ningerudi Bungoma na aproni yangu, Nasimiyu akiwa shahidi. Nilikuwa na mke mjini na sifa ya kulinda. Ni hayo tu. Mama Akello alikuwa na watoto watano na mume aliyekaa kwenye kiti akingoja.

Akaitwa kutoka uani, mikono ina povu.

"Mama Akello, ulikiosha wewe chungu hiki?" Madamu akauliza. "Wafula anasema kuosha ni kazi yako."

Mama Akello alinitazama usoni, kisha akatazama mikono yangu. Vidole vilikuwa bado na mikwaruzo ya waya. Nikaviingiza kwenye mfuko wa aproni. Akaniona nikiviingiza.

"Ndiyo," akasema taratibu. "Kuosha ni kazi yangu."

Halafu akangoja. Hakuondoka, hakumtazama Madamu. Alisimama akinitazama mimi, ameniachia mlango wazi ambao ningeweza kupita hata kwa kutambaa. Nikageuka nikakoroga maharage. Maharage yenyewe hayakuwa yamebandikwa.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba alinyamaza kwa kuwa jambo halikumuuma. Si kweli. Alijua kwamba likiwa neno lake na langu, la kwangu lingekuwa zito zaidi. Kampala ya wakati ule, mtu wa kaskazini alionekana kama ndiye aliyeshindwa vita, hata akiwa mama wa kufua, na neno la aliyeshindwa halifiki mbali. Mimi nililijua hilo kabla sijafungua mdomo. Hiyo ndiyo sehemu ninayoona aibu kuliko zote.

Madamu hakumfukuza. Alimwambia tu kwamba tangu siku hiyo asiingie jikoni. Kazi yake ni nguo, na iishie uani. Adhabu nyingine ilijiongeza yenyewe. Askari wa lango, aliyesikia nusu ya habari, akaanza kumfungua kikapu kila jioni. Hakuwahi kufanya hivyo kabla ya hapo. "Mwenye kuharibu chungu hakosi kubeba kijiko," akasema, akainua sabuni yake kipande, kanga yake, viazi vyake viwili, akavirudisha kimoja kimoja. Dirisha la jikoni lilitazama lango. Kila jioni saa kumi na mbili nilikuwa na kitu cha kukoroga.

Wiki ya tatu aliacha kazi. Alisimama kizingitini, hakuvuka, maana alikuwa amekatazwa.

"Mpishi, nyama ya Jumamosi iko kwa kabati ya uani. Hii iko ngumu kuliko ile ingine. Loweka vizuri."

Nikasema asante. Akafunguliwa kikapu mara ya mwisho, akaenda.

Jumamosi niliipika ile nyama. Madamu alisema haijawahi kuwa tamu namna ile. Sikuila, na msinipongeze kwa hilo. Nililala njaa usiku mmoja, yeye sijui alilala njaa siku ngapi.

Madamu alikaa Kampala miaka minne zaidi. Chungu alikirudishia weusi wake, polepole, kwa mafuta na makaa, ingawa alisema sasa ni weusi wake yeye, ule wa bibi umekwenda. Mara mbili nilikaribia kumwambia. Mara ya kwanza simu iliita. Mara ya pili haikuita, nami nikatamani iite. Alipoondoka aliniandikia barua ya kunisifu, ambayo ndiyo iliyonipa kazi pale kwenu hosteli. Mstari wa pili una neno "mwaminifu". Niliikunja barua hiyo mahali pa neno hilo, ikachanika hapohapo baada ya muda, na mkuu wa hosteli aliipokea ikiwa vipande viwili.

Miaka ya hosteli mnaijua. Nilifundisha wapishi kumi na wawili ule wali. Mkiuliza nyama hii tulianzaje kuitumia, nilisema, "Mpishi hasemi siri zake." Mkacheka. Sasa mnajua mlichekea nini.

Nilipostaafu nikaanza kuupika hapa nyumbani. Jumapili moja, baada ya misa, Rosa akiwa na sahani mkononi akaanza kuwasimulia wajukuu kwa mara ya mia habari za babu yao aliyesugua chungu cha Mmarekani mpaka kikaota kutu. Ni hadithi yake anayoipenda. Mjukuu mmoja akauliza, "Babu, ulichapwa?"

"Sikuchapwa."

"Kwani yule mama alisema nini?" Rosa akauliza huku anacheka. "Hujawahi kuniambia alisema nini."

Sijui kwa nini siku hiyo. Labda uzee unalegeza mikanda yote. Nikamwambia. Rosa akaweka sahani chini.

"Ngoja. Miaka yote hii ninacheka, na kuna mwanamke aliyefunguliwa kikapu?"

"Mama Nekesa…"

"Usinimamanekese. Mimi na dada yangu ndio tuliokucheka ukakisugua. Umenifanya nicheke juu ya kichwa cha mtu." Akainuka. "Anakaa wapi?"

"Sijui. Labda walirudi Gulu."

"Hujui kwa sababu hukuuliza. Vaa viatu."

Siku ileile hatukufika mbali, lakini Rosa akishika jambo haliachii. Alianzia Owino kwa wauza nyama ya moshi, akauliza mama kwa mama, na mwezi uliofuata akarudi na jibu: Mama Akello yupo Luzira, kwenye barabara ya kuteremka Port Bell. Ana kibanda cha chakula. Wanakula kwake wapakiaji wa bandarini na wanawake wanaokuja kutazama ndugu zao gerezani. Binamu yangu Simiyu alikaa mtaa ule miaka ishirini. Nilikuwa nimepita mbele ya kibanda kile, nikihesabu, zaidi ya mara hamsini.

Rosa alinifikisha hadi kona akasema, "Hapa unakwenda mwenyewe."

Mama Akello alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya sufuria tatu, kichwa cheupe chote, mgongo bado umenyooka. Aliniona nikiwa bado barabarani.

"Mpishi," akasema. "Nazeeka vibaya."

"Ndiyo, Mama."

"Nakula?"

"Nimekuja kuomba msamaha. Kile chungu nilikisugua mimi."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba leo ni Jumanne. "Hiyo najua. Mimi nilikuwa hapo. Nasaidia wewe kupaka mafuta." Akampakulia mtu maharage, akachukua sahani nyingine. "Wewe najua nini natokea kwa mimi? Nagonga nyumba nne hapo Mbuya, natafuta kazi. Nyumba nne zote nauliza: ni wewe ile ya chungu? Basi tunarudi kijijini, na watoto. Wewe najua kijiji yetu wakati ile ilikuwa namna gani?"

Nilijua, kama kila mtu aliyesikiliza habari za vita vya kaskazini redioni miaka ile. Hakuendelea, nami sikuwa na haki ya kuuliza wale watoto watano sasa ni wangapi.

"Nisamehe, Mama Akello."

"Ngoja, mimi iko na wateja."

Nikakaa kwenye benchi. Nilikaa zaidi ya saa nzima, kati ya mpakiaji aliyekula kwa kelele na mama aliyekuwa na kikapu cha kupeleka gerezani. Hatimaye akaja na kitambaa cha kufutia mikono, akasimama mbele yangu.

"Wewe iko na kalamu?"

Nilikuwa nayo, na daftari hili hili, maana nilikuwa nimeanza kuwaandikia ninyi upishi na kukwama kwenye nyama.

"Kuambia mimi hapana kazi. Mimi najua tangu siku ile. Ambia wale hapana jua. Andika."

"Niandike nini?"

"Wewe ndiye ilisoma. Andika vile ilikuwa. Na andika Laker Jerodina. Mama Akello ni ya watoto yangu."

Nilifanya naye kazi karibu miaka miwili, nikala nyama aliyoileta, na sikuwa nimewahi kumwuliza jina. Niliandika juu ya goti: Chungu cha Madamu Odette kilisuguliwa na Wafula, mpishi. Laker Jerodina hakukigusa ila kumsaidia kukiponya. Wafula alimwachia lawama, akijua zitamshika. Nyama ya moshi ni yake.

"Namaliza?"

"Nimemaliza."

"Soma."

Nikaanza kumsomea kwa sauti ya chini, kama kwa padre. Akanikatiza kwa kile kitambaa.

"Mimi hapana kiziwi, lakini mimi hapana hitaji. Simama. Somea watu."

Nikasimama. Kandambili zangu nilikuwa nimeziacha nyumbani, nimevaa viatu vya kanisani na suruali iliyopigwa pasi na Rosa. Nikasoma. Mpakiaji aliacha kutafuna. Mama wa kikapu akanitazama, akamtazama Laker Jerodina, akaniangalia tena kwa jicho ambalo nililistahili tangu ujana wangu. Mtu mmoja akauliza, "Mzee, chungu gani?" Nikafika mwisho, nikafunga daftari, nikamtazama yeye nione kama imetosha.

Alikuwa ameshageukia sufuria zake.

"Wale wa nyuma hapana sikia," akasema.

Nikafungua daftari, nikaanza tena.